Uzi wa Marehemu na Kofia Iliyobaki Nusu

Si ajabu, katika nyumba za Mikindani au Msimbati, mama akifariki kukutwa kikapu cha nyuzi, na ndani yake kofia ya mtoto mchanga iliyofumwa nusu. Binti mmoja hutamani kuimalizia. Mwingine hataki hata iguswe.

Kabla ya sindano ipo haki. Aya ya 7 ya Surat An-Nisaa imewathibitishia wanaume na wanawake fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kichache au kingi. Uzi nao umo. Basi kaka aliyeko Dar es Salaam aulizwe, hata kama atacheka. Na akiwapo mrithi ambaye hajabaleghe, fungu lake halisamehewi na mtu mwingine; thamani yake itengwe.

Wakisharidhiana, kazi yenyewe ina ugumu wake. Kila mfumaji ana mkazo wa mkono wake. Mama alikaza, bintiye hulegeza, na pale mikono miwili inapokutana hubaki alama. Anayelegeza achukue sindano nyembamba zaidi. Uzi uliofumuliwa huwa na mikunjo: uzungushwe kwenye mgongo wa kiti, ufungwe mahali pawili patatu, uloweshwe kwa maji vuguvugu, kisha uanikwe kivulini. Harufu ya udi itaondoka hapo. Anayeitaka harufu ile abakize kipande kikavu, maana kwa baadhi yetu ina thamani kuliko kofia.

Ikikamilika, avikwe mjukuu aliyekusudiwa, upepo wa kusi ukivuma alfajiri za Julai. Ikiwa amekwisha kukua, wachanga wengine wapo mtaani.