Safari ya Shitaa: Lami Ilipogeuka Kioo

Sidhani kuna mtoto wa pwani aliyepita chuoni asiyeijua Sura ya Makureshi. Ni sura fupi, aya nne tu, nasi tuliihifadhi kabla hatujajua kufunga vifungo vya kanzu zetu. Ndani yake Mwenyezi Mungu anawakumbusha Makureshi neema ya safari zao mbili, safari ya shitaa na safari ya joto. Wafasiri wamesema kwamba wakati wa baridi misafara yao ikielekea Yemen, kwenye vuguvugu, na wakati wa joto ikielekea Sham, kwenye ubaridi. Sisi tuliitikia kwa sauti moja wala shitaa hatuijui. Baridi yetu ni ile ya upepo wa kusi, mtu akajifunika shuka na kuitisha kahawa chungu.

Ajabu ni kwamba maneno ya baridi tulikuwa nayo zamani. Theluji tumeitoa kwa Waarabu, wanaosema thalji. Barafu tumeitoa kwa Waajemi, na kwao barfu ndiyo theluji yenyewe. Majahazi yalituletea majina, vitu vyenyewe vikabaki huko huko.

Vitu vyenyewe nilikutana navyo Januari ya mwaka 2020, katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Mpwa wangu anaishi Minneapolis, mji wenye Wasomali wengi mno, hata mtu akipita mtaa wa Cedar-Riverside husikia salamu za Kiislamu kila kona na kunusa sambusa. Rafiki yake alikuwa aoa Fargo, mji ulio mpakani mwa jimbo jirani la North Dakota, mwendo wa kilomita zipatazo 380 kwa barabara kuu nambari 94. Nikah ilikuwa baada ya Isha, na mpwa wangu ndiye aliyebeba pete, mahari na joho la bwana arusi. Basi Makureshi wakati wa shitaa walikimbilia joto, nasi tukaelekeza uso kaskazini.

Tulitoka asubuhi, mbingu ya kijivu kama jivu la mkaa. Tulipofika mji wa Alexandria tukatia mafuta, na pembeni mwa kituo tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Kulikuwa kumeanza mvua nyepesi. Mvua hiyo si kama yetu. Hushuka ikiwa maji, lakini ikigusa kitu chochote chini, iwe ni jani, waya au lami, huganda papo hapo.

Nilipotazama nje niliona malori makubwa yameegeshwa safu mbili, na madereva wamekaa ndani wanakunywa kahawa. Nikamwambia mpwa wangu, "Baba, hawa ndio manahodha wa njia hii, na wote wametia nanga."

Akacheka. "Mjomba, gari hili lavuta kwa magurudumu yote manne. Na watu wanatungoja."

Hapo ndipo pana siri ambayo vijana wengi hawaijui. Gari la kuvuta magurudumu manne husaidia kuondoka tu. Kusimama halisaidii, kwani juu ya barafu hakuna pa kushika kwa gurudumu moja wala manne. Na barafu ile ya barabarani ni hila tupu. Ni utando mwembamba usio na rangi, hivyo jicho hupenya likaiona lami nyeusi chini yake, likadhani ni maji ya mvua tu. Wenyewe huiita barafu nyeusi.

Serikali zao humwaga chumvi, kwani maji ya chumvi hayagandi upesi kama maji matupu. Lakini chumvi nayo ina mpaka wake. Baridi ikishuka hadi kama nyuzi 9 chini ya sifuri nguvu yake hupungua sana, na siku ile ilikuwa ikishuka kila saa. Tena madaraja huganda kabla ya barabara, kwa sababu barabara ina ardhi chini yake inayohifadhi joto kidogo, na daraja lapigwa na upepo juu na chini.

Basi ilikuwa darajani. Hatukusikia kishindo, tulisikia kimya. Ule mvumo wa magurudumu juu ya lami ulikatika ghafla, kama mtu aliyezibwa masikio. Mpwa wangu akakanyaga breki kwa nguvu, na gari likaanza kuzunguka polepole, mfano wa mtumbwi uliokatika kamba. Niliiona njia tuliyotoka ikipita mbele yangu, kisha njia tuendayo, kisha tena tuliyotoka. Ulimi wangu ulikuwa na shahada tu. Tukavuka daraja kinyumenyume, tukaporomoka kwenye bonde la nyasi lililo kati ya njia mbili, na theluji ikatupokea hadi madirishani.

Alhamdulillahi, hapana aliyeumia. Dakika chache nyuma yetu lori moja lilipita mahali pale pale tulipozungukia. Mpwa wangu alilitazama hadi likatoweka, wala hakusema neno.

Hatari ya pili ilikuwa hiyo ya kungoja. Kwa mbali tuliona taa ya nyumba ya mkulima, naye akataka kutoka aende kwa miguu. Tukapiga simu ya polisi kwanza, na yule bibi aliyetujibu alisema mambo matatu: msitoke garini, washeni injini kwa vipindi mpate joto, na kabla ya kuiwasha, ondoeni theluji kwenye bomba la moshi. Hili la tatu ni la kuandikwa ukutani. Bomba likizibwa, moshi hurudi ndani, na ndani yake mna gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu husinzia kwa raha ya joto, na asiamke tena. Na anayetoka kufuata taa upepo wa theluji ukivuma huweza kupotea hatua chache tu kutoka garini.

Tukakaa saa mbili na zaidi, tumejifunika joho la bwana arusi sote wawili, tukila tende na njugu, na kila robo saa kijana akitoka kuchimbua bomba kwa sahani. Magharibi ilipoingia tulitayamamu tukasali tumeketi vitini. Ndipo zikaja taa za polisi, na nyuma yake gari la kutuvuta. Usiku ule barabara ikafungwa. Kule penye kuingilia barabara kuu mna vizuizi kama vile vya kivuko cha reli, navyo hushushwa, na njia ikawa si njia tena hadi kesho au kesho kutwa. Tulilala katika mji wa Fergus Falls, na nikah ikaahirishwa siku mbili. Baba wa bibi arusi alitwambia kwa simu, "Arusi haina miguu ya kukimbia."

Nilipoviona vile vizuizi niliwakumbuka wazee wetu wa majahazi. Kusi ikichachamaa walisema bahari imefungwa. Hapakuwa na mlango wala polisi, ila hapana nahodha aliyeng'oa nanga. Chombo kilipandishwa pwani, kikapakwa sifa na shahamu, na mabaharia wakashona matanga. Mwenye mali aliyetaka mzigo wake ufike Lamu aliambiwa angoje, akangoja. Hawakuwa waoga. Walikuwa wanajua kwamba ujasiri ni wa bahari iliyo wazi.

Vijana wetu leo wametapakaa Minneapolis, Toronto na London, na magari yao yana nguvu kuliko chombo chochote cha babu zao. Wengi wamekwenda na ujuzi wa kuendesha, wakaacha nyuma ujuzi wa kungoja. Mwenye mwana huko na amsomee beti hii, niliyoitunga pale Fergus Falls tukingoja njia ifunguliwe:

Barafu haina rangi, njiani imelalia,
Imeponza watu wengi, waliodhani ni njia,
Mwendo wa haraka nyingi, shimoni huishilia,
Njia ikifungwa ngoja, utafika kwa afia.