Kabla ya Kuwapeleka Wanafunzi Mto Themi

Simama darajani katikati ya jiji la Arusha utazame Mto Themi, kisha panda miteremko ya Mlima Meru unakotoka. Huku chini maji yamechafuka, yanaburuta mifuko ya plastiki. Kule juu yanameremeta juu ya mawe. Mwanafunzi akiulizwa yapi yanafaa kunywewa, atajibu papo hapo. Mwalimu hana budi kusita, na atasita tu ikiwa amejifunza mto huo mwenyewe.

Meru ni volkano, na mlipuko wake wa mwisho ulitokea mwaka 1910. Miamba yake ina floridi nyingi, huku maji yake yakiwa na kalsiamu haba. Kwa kawaida kalsiamu huungana na floridi na kuipunguza majini. Ikikosekana, floridi hubaki imeyeyuka, bila rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini chemchemi na mito kadhaa ya Meru, Maji ya Chai ukiwamo, huvuka kiwango hicho kwa mbali. Matokeo yake yamo darasani: meno ya kahawia ya watoto walioyanywa maji hayo wakati meno yao yanajengeka ndani ya ufizi. Kuchemsha hakusaidii kitu, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke na floridi yote hubaki sufuriani. Nawasihi walimu walijue hili kabla hawajamkemea mtoto kwamba hapigi mswaki.

Uchafu wa mjini hupimwa kwa njia nyingine. Geuza jiwe mtoni utazame viumbe walioshikilia upande wa chini. Penye oksijeni ya kutosha utakuta wadudu wachanga wenye mikia mitatu na matamvua yanayopepea ubavuni. Penye maji ya choo na taka hao hutoweka, wakabaki viluwiluwi vyembamba vyekundu vya visubi wasiouma, ambao hemoglobini huwawezesha kuishi penye oksijeni kidogo. Watafiti wameunda mfumo uitwao TARISS wa kuipa mito ya Tanzania alama kwa kuangalia wadudu hao. Hapa ndipo mwalimu awe makini zaidi: wadudu hawasemi lolote kuhusu floridi. Kijito kinaweza kupata alama nzuri na bado kikaharibu meno.

Mwalimu wa jiografia naye ana lake. Maji ya Themi huingia Kikuletwa, yakatua bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yakafuata Mto Pangani, yakizungusha mitambo ya umeme ya Hale, hadi Bahari ya Hindi. Wa uraia afungue Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayolinda mita 60 kutoka ukingoni, apime kwa futi kamba nyumba na bustani za mboga zilivyosogea.

Ziara ya kwanza iwe ya walimu peke yao, wakati wa kiangazi, wakivaa buti na glavu kwa sababu ya kichocho na vipande vya chupa. Wachukue maji sehemu tatu: juu ya mji, katikati na chini yake, kila chupa ikiandikwa mahali na saa, wayapeleke maabara ya maji. Wakipata nafasi, wapite pia Ngurdoto, kwenye kituo cha serikali kinachotafiti namna ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.