Dawa za Kifafa na Uzazi wa Mwanamume

Katika maradhi ambayo watu huyaficha, ni machache yafichwayo kama kifafa. Na katika mambo ya kifafa ambayo vijana wetu huyaficha hata mbele ya daktari, kubwa ni hofu ya kwamba vidonge wanavyomeza kila siku vitawaondolea nguvu za kiume na kuwanyima watoto. Twaona yatupasa kulieleza jambo hili kwa uwazi na kwa adabu, kwani haya ni pambo la Mwislamu, lakini haya imzuiayo mtu kuuliza lenye kumfaa ni hasara tupu.

Hofu hii huzidi siku za arusi zinapokaribia. Tuchukue mfano wa kijana wa Kondoa, Mpwapwa au Bahi, ambaye kwa baraka ya dawa hajaanguka mwaka mzima. Mwenziwe humwambia kwamba vidonge vile huua uume. Basi huvitupa kwa siri, wala hamwambii mama yake wala mganga wa zahanati. Hazipiti siku nyingi, kifafa humrudia. Na huenda kikamwangusha penye mafiga ya moto au kando ya kisima. Je, aliyoambiwa ni kweli? Twajibu kwamba ukweli umo, lakini umechanganyika na uwongo, na ni wajibu wetu kuyatenga mambo hayo mawili.

Kwanza, tuijue thamani ya dawa zenyewe. Kifafa si wazimu, wala hakiambukizi kwa mate wala kwa chombo. Ni mshtuko wa ghafula katika ubongo, kama umeme uliopita kiasi chake. Fenobabitoni, kidonge cha bei nafuu kitumiwacho sana katika nchi yetu, ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912 kwa kazi ya daktari wa Kijerumani, Alfred Hauptmann. Yapata mwaka 1960 daktari mwanamke, Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa huko Mahenge, kusini ya Morogoro. Watu waliokuwa wakitengwa na jamaa zao, wengine wakiwa na makovu ya moto, walipata nafuu kwa dawa hiyo. Na leo Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hata watu 70 katika kila 100 wenye kifafa waweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa sawasawa. Basi atupaye dawa hii hatupi kitu kidogo.

Pili, tuseme ukweli wa madhara. Dawa tatu za siku nyingi, yaani fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini, hulihimiza ini kufanya kazi zaidi. Ini hutoa kwa wingi protini fulani ambayo huishika homoni ya kiume, testosteroni, ndani ya damu. Homoni iliyoshikwa haifanyi kazi. Na ile iliyobaki huru ikipungua, baadhi ya wanaume huona hamu yao imepungua au nguvu zao zimelegea. Valproeti nayo ina njia nyingine. Kwa baadhi ya wanaume mbegu hupungua idadi, au huenda polepole, au umbo lake huharibika.

Lakini angalieni, ndugu wasomaji, kwamba tumesema baadhi. Wengi humeza dawa hizi na huzaa watoto wao kama watu wengine. Tena, kifafa chenyewe chaweza kuvuruga homoni, kwa kuwa ubongo ndio uamrishao tezi za mwili. Na huzuni, wasiwasi na kudharauliwa na watu pia humdhoofisha mume. Hivyo si haki kukitupia kidonge lawama yote kabla ya kupimwa. Na jambo la kufariji ni hili: aghalabu daktari akipunguza kipimo au akibadili dawa, hali hutengenea.

Tatu, liko jambo jipya ambalo wenye kutaka watoto wapaswa kulijua. Mnamo Januari 2024 Mamlaka ya Dawa ya Ulaya ilitoa tahadhari juu ya wanaume wanaomeza valproeti. Hesabu zilizokusanywa Norway, Denmark na Sweden zilionyesha kwamba, katika kila watoto 100 ambao baba zao waliimeza ndani ya miezi 3 kabla ya mimba, kama 5 walipata matatizo ya ukuaji wa akili na neva. Kwa watoto ambao baba zao walimeza lamotrijini au levetirasetamu, walikuwa kama 3. Hatari hiyo haijathibitishwa kabisa, ila imetosha kuwa sababu ya mume na mke kwenda kwa daktari kabla ya kutafuta mimba. Miezi 3 imetajwa kwa sababu mbegu ya kiume huchukua kiasi hicho cha muda kukomaa. Kwa mama mwenye mimba, hatari ya valproeti kwa mtoto ni kubwa zaidi, nayo imethibitika.

Basi kijana afanyeje? Asiache dawa ghafula kwa hali yoyote. Mwili uliozoea fenobabitoni, ukinyimwa kwa mara moja, waweza kupatwa na kifafa kisichokatika, ambacho huua. Badala yake aende alikoandikiwa dawa, aseme bila kificho: "Daktari, nataka kuoa", au "Nimeona nguvu zangu zimepungua." Hapa Dodoma iko Hospitali ya Mirembe, iliyofunguliwa mwaka 1927, na iko Hospitali ya Benjamin Mkapa. Wengine huona aibu kuonekana Mirembe wasije wakaitwa wendawazimu. Lakini aibu ya mlangoni hupita, na jeraha la moto hubaki. Tena ajihadhari na dawa za nguvu za kiume ziuzwazo njiani, kwani zaweza kugongana na vidonge vyake.

Nanyi wazazi, mna sehemu yenu. Msiufiche ugonjwa wa kijana wenu mnapomposea mke; nikahi iliyojengwa juu ya siri huvunjika siku siri itokapo. Na miaka ikipita bila mtoto, msimwelekezee mke vidole. Mume naye apimwe manii hospitalini. Wanawake wangapi wamepewa talaka kwa kosa lisilo lao, hali mume hakupimwa hata mara moja!

Imepokewa kwa Ibn Abbas, katika Bukhari na Muslim, habari ya mwanamke aliyekuwa akishikwa na kifafa, akamwendea Mtume s.a.w. amwombee. Mtume hakumkemea wala hakumfukuza. Alimpa hiari ya kusubiri apate Pepo, au kuombewa apone. Akachagua subira, ila aliomba asifunuke mwili aangukapo, na Mtume akamwombea hilo. Habari hii haimzuii mtu kujitibu, kwani Mtume mwenyewe aliwaamrisha watu watafute dawa. Mafunzo yake kwetu ni kwamba mgonjwa wa kifafa ana heshima yake, nayo ilindwe.

Heshima hiyo ndiyo tunayowaombea vijana wetu wa Dodoma, Singida na bara zima: wameze dawa bila kudharauliwa, waulize bila kuchekwa, waoe bila kudanganya. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awaruzuku kizazi chema. Amin.