MAONI YETU: Chombo Kisiaminiwe kwa Neno la Shahidi Mmoja

Hapana ubishi kwamba reli ya kisasa inayopenya mahandaki ya Kilosa ni fahari ya Taifa. Tangu tarehe 25 Julai, 2024, treni za umeme zinawachukua wananchi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, wakiwamo ndugu zetu wengi wanaovuka bahari kutoka visiwani. Ndiyo maana usalama wake unatuhusu sisi sote.

Treni iendayo hadi kilomita 160 kwa saa haiwezi kuongozwa kwa jicho la dereva peke yake. Mfumo wa ishara wa reli hii umebuniwa ili amri zimfikie kwa redio, zikiwa zimekwisha kupimwa na kompyuta. Wahandisi wana kanuni moja kuu katika kazi hii: kifaa kikishindwa, kishindwe upande wa salama. Habari zikikatika, treni isimame.

Kanuni hiyo ikipuuzwa, watu hufa. Tarehe 10 Machi, 2019, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyokuwa ikienda Nairobi ilianguka na kuua watu 157. Programu yake iliamini kipimo kimoja tu cha mwelekeo wa pua. Kipimo kikadanganya, nayo programu ikaisukuma pua chini. Miezi mitano kabla yake, ndege ya aina hiyo hiyo ilikwisha kuua watu 189 huko Indonesia.

Sisi wa Unguja tunajua hasara ya kutegemea njia moja. Mwezi Desemba 2009 umeme utokao Bara ulikatika, tukakaa gizani kwa miezi mitatu hivi. Katika majira hayo hayo, mafuriko ya Kilosa yaliibomoa reli ya kati, na safari zikasimama.

Mwaka 2024 Shirika la Reli lilieleza kwamba ngedere na bundi walihusika na hitilafu ya umeme iliyosimamisha treni. Wako waliocheka. Sisi hatukuona kichekesho. Wilaya inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilikuwa na wanyama kabla ya kuwa na nyaya, na hesabu ya mhandisi isiyowaweka ndani haijakamilika. Hata hivyo, treni kusimama ni usumbufu; treni kushindwa kusimama ni msiba, kama tulivyoona Igandu tarehe 24 Juni, 2002, ilipopoteza roho zaidi ya 280.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wenye dhamana. Vipuri vya elektroniki vinunuliwe vikiwa na uthibitisho wa asili yake, na vijaribiwe katika joto, vumbi na unyevu wa kwetu, wala urahisi wa bei usiwe ndio hoja. Programu isibadilishwe hata mstari mmoja bila kupimwa upya na watu wasioiandika. Kila hitilafu ichunguzwe, na matokeo yatangazwe bila kuficha. Aidha, vijana wetu wafunzwe kuzielewa programu hizo, ili tusingoje mgeni avuke bahari kila taa nyekundu inapowaka.

Gharama ya tahadhari ni kubwa, tunakubali. Lakini usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu hujengwa kwa roho za watu.