Leseni za Programu za Ofisi na Nafasi ya Kiswahili

Mfanyabiashara anunuapo meza ya ofisi huimiliki: aweza kuiuza, kuirithisha au hata kuipasua kuni. Programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu haiko hivyo. Anunuacho ni leseni, yaani ruhusa ya kuitumia kwa masharti ya mwenye mali. Aghalabu leseni inayokuja na tarakilishi mpya hufungamana na tarakilishi hiyo hiyo. Chombo kikifa, nayo huzikwa nacho.

Isitoshe, masharti hayo hubadilika. Mnamo Mei 2001, kampuni ya Microsoft ilitangaza utaratibu mpya wa leseni kwa mashirika, ulioanza kutumika kikamilifu Agosti 2002. Awali, shirika liliweza kungoja miaka kadhaa, kisha likanunua toleo jipya kwa bei nafuu. Utaratibu mpya uliiondoa nafuu hiyo. Shirika lilipaswa kulipa kila mwaka asilimia 29 ya bei ya leseni ya programu za ofisi, ama kununua upya kwa bei kamili. Wengi walilalamika kwamba walilipia matoleo ambayo hayajazaliwa.

Ni katika kipindi hicho ambapo programu huria zilivuta macho ya wengi. Kampuni ya Sun Microsystems, iliyonunua programu ya StarOffice kutoka Ujerumani mwaka wa 1999, iliweka wazi msimbo wake mwaka wa 2000. Toleo la kwanza kamili la OpenOffice.org likatoka mwaka wa 2002. Ikumbukwe kwamba uhuria si kutolipa tu. Leseni huria humpa mtumiaji haki ya kuuchunguza msimbo, kuubadilisha na kuusambaza.

Haki hiyo ndiyo iliyokifaa Kiswahili. Kupitia mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, bila kuomba idhini ya mwenye mali. Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya programu zake, lakini uamuzi ulikuwa wa kampuni.

Hata hivyo, leseni huria hufungua mlango tu. Haiingii kwa niaba ya mtu. Kila toleo jipya huzua istilahi mpya, na zisipotafsiriwa Kiingereza hurejea kwenye kioo. Jukumu hilo si la wahandisi pekee, bali pia la wanaosomea Kiswahili.