Usinipe Daftari la Juu

Mtu akinunua gari la mkononi Dar es Salaam huenda na fundi. Fundi anafungua boneti, anasikiliza injini, anachungulia chini, halafu anamvuta mnunuzi pembeni na kumpa habari ambazo dalali asingethubutu kuzitoa. Sikujua kwamba huku Tabata kuna wazazi wanaotafuta shule kwa mtindo huohuo. Fundi wao ni mwalimu mstaafu wa Darasa la Kwanza, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa mkufu, na malipo yake ni nauli ya bodaboda na soda.

Aliyenipenyezea habari ni jirani yangu, ambaye mwanawe anaanza shule Januari. Alinisimulia huku akilalamika. "Yule mama hakutazama kitu! Basi jipya hakulitazama, chumba cha kompyuta hakukitazama, hata bango la ufaulu alilipita kama nguzo ya umeme. Alikaa ofisini, akaomba madaftari." Nilicheka, lakini neno lile la madaftari liliendelea kunizunguka kichwani mpaka nikaomba nikutanishwe naye.

Alikubali niandamane naye kwa sharti moja, jina lake lisiandikwe. "Mwanangu, nikishatajwa gazetini, mwalimu mkuu gani atanifungulia geti?"

Msimu wenyewe unajulikana. Kuanzia Oktoba wazazi wanazunguka na vyeti vya kuzaliwa kwenye bahasha. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na zimefurika. Mwenye uwezo, au mwenye ndugu wa kumkopa, anakimbilia shule binafsi za Kiingereza zinazoanzia milioni moja hivi kwa mwaka na kupanda hadi pasipofikika. Shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond, ni chache. Waliobaki wanakwenda Kayumba, kama watu wanavyoziita shule za kawaida za serikali, wengine kwa utani na wengine kwa kinyaa. Tangu 2023 Baraza la Mitihani halitangazi tena shule kumi bora, kwa hiyo kila shule imejichapishia bango lake na kujipa nafasi inayoitaka.

Bango hilo lilikuwepo kwenye geti la shule ya kwanza niliyoingia na Mwalimu. Sura za watoto wa Darasa la Saba, majoho, tabasamu, herufi A. Mwalimu aliyapa mgongo hayo yote. "Hao wamemaliza. Mimi mtoto wangu anaanza. Na hakuna anayenieleza wangapi walioanza na hawa wakaondolewa njiani kwa kukosa wastani wa shule."

Ofisini tulipokewa kwa heshima zote. Alipotaja madaftari, mwalimu mkuu alitoa moja kwenye droo yake mwenyewe. Lilikuwa limefunikwa kwa karatasi ya kaki, juu yake nailoni, na mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama umechapwa. Mwalimu hakulifungua. Alilipapasa jalada, akalirudisha mezani.

"Hili zuri. Ni la wageni. Naomba rundo la darasa, la hesabu na la kuandika."

Mwalimu mkuu alicheka kicheko cha mtu aliyefinywa. Rundo likaja. Mwalimu hakuchukua la juu. La chini pia hakuligusa, "maana siku hizi wamejifunza kulipanga na lenyewe". Aliingiza vidole katikati, akachomoa matatu, na kabla ya kufungua akaweka kiganja juu ya jina la mtoto. Hufanya hivyo kila mara. Sijui kama inatosha, na nitalirudia hilo.

Anaanza na tarehe. Kidole chake kilishuka kwenye pembe za kulia za kurasa: Jumatatu, Jumatano, Alhamisi, kisha pengo la karibu wiki mbili, kisha mazoezi manne yenye tarehe moja. Akainua uso. "Hapa kulikuwa na mahafali, siyo?" Mwalimu mkuu akakiri kwamba kweli, ya awali. "Basi darasa zima limecheza ngoma wiki mbili, halafu siku moja likalipishwa deni lote. Mtoto wa miaka sita hasomi hivyo."

Halafu vema. Kumi kwa kumi, kumi kwa kumi, tena kumi kwa kumi. Jirani yangu, aliyekuwa amekaa pembeni yetu, alianza kuchanua uso. Mwalimu akayalaza madaftari matatu sambamba mezani, ukurasa uleule. Hesabu zilikuwa zilezile, jambo la kawaida. Mistari ilikatika palepale, nalo tuseme ni la kawaida. Lakini swali la saba, katika madaftari yote matatu, nane kutoa tatu ilikuwa sita. Na katika madaftari yote matatu sita hiyo ilikuwa imewekewa vema, nyekundu, yenye mkia mrefu.

Hakusema neno mle ofisini. Alishukuru, akasifu bustani, tukatoka. Barabarani ndipo alipolitoa. "Watoto hawakufanya hesabu. Ubao ndio uliofanya, wao wamenakili. Mwalimu kakosea ubaoni, wakamfuata, naye kapita na kalamu bila kusoma. Watoto watatu tofauti hawawezi kukosea mahali pamoja kwa namna moja. Akili haina sare."

Shule ya pili ilikuwa Segerea, ndogo, rangi imebanduka, haina bango. Hapo nilimwona akifurahi, na furaha yake ilinishangaza, kwa sababu daftari alilolishika lilikuwa baya. Ukurasa ulikuwa na tundu la ufutio. Tatu ilitazama nyuma. Kulikuwa na alama za kosa nyekundu mfululizo, nne kwa kumi, na neno "mpila". Angekuwa mwanangu ningefoka.

"Tazama vizuri," alinisogezea. "Ameandika ‘mpila’. Huyu hana tatizo la masikio, anasikia vizuri sana kinachosemwa kwao. Sasa angalia mwalimu wake. Hajakata neno zima. Amezungushia silabi moja tu, hiyo la, akaandika ra pembeni. Mtoto anajua aliposhinda na aliposhindwa. Ukikata neno zima umemwambia kwamba hata ile m yake na ile p yake hazifai."

Chini ya zoezi kulikuwa na kichwa kilichopigiwa mstari kwa rula: Masahihisho. Mtoto amerudia yale sita aliyokosa. Mpira, mpira, mpira. Na kando ya kila moja palikuwa na vema nyingine, ndogo kuliko ile ya kwanza, imebanwa kwenye ukingo.

"Hii vema ndogo ndiyo ada yako," alimwambia jirani yangu. "Ile kubwa inasema mwalimu alipita. Hii inasema alirudi. Shule nyingi zinapita. Wanaorudi utawatafuta kwa tochi."

Akaendelea kupekua, na mimi nikaendelea kuandika, maana kila ukurasa ulikuwa na lake. Saini isiyo na tarehe haiamini. Muhula mzima uliosahihishwa kwa wino wa rangi moja, vema zote zimelalia upande mmoja, anauita "usiku wa Wathibiti Ubora", yaani kazi iliyofanywa kwa kukesha baada ya kusikia wakaguzi wanakuja. Mwandiko unaonyooka ghafla kwenye kazi za nyumbani ni wa dada wa kazi, au wa mama. "Vizuri sana" kila siku haina maana. Anapenda zaidi kukuta mwalimu ameandika "Nione", mradi siku inayofuata ionekane kweli walionana.

Kisha jaribio la kusoma. Aliomba kuzungumza na mtoto mmoja aliyekuwa akipita varandani, mwalimu wake akiwepo. Alimfungulia kitabu cha hadithi, ukurasa wenye picha. Mtoto akaanza kwa sauti ya wimbo, macho juu ya paa. Mwalimu akamwacha amalize, akampongeza, halafu akaweka kidole kwenye neno moja la katikati ya sentensi. "Na hili?" Mtoto akanyamaza, akalitazama, akaanza kulivunja: ka, la, mu. Kalamu. Mwalimu akamwachia kwa furaha isiyofichika. Aliniambia kuwa kwenye shule za ada kubwa, hapo kwenye kidole ndipo wengi wanapokwama, hasa kitabu kikiwa cha Kiingereza. Wanaimba ukurasa mzima kwa lafudhi ya kumtoa mzazi machozi. Ukigusa neno moja la katikati, wanarudi mwanzo wa wimbo ili walifikie.

Ana vipimo vingine, lakini havichukui muda wake. Vyoo: mwongozo wa serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na yeye huenda kuangalia kama kuna maji, harudi na hotuba. Basi: bweni kwa watoto wa awali hadi Darasa la Nne lilizuiwa 2023 isipokuwa kwa kibali maalumu, kwa hiyo swali ni saa ngapi gari linapita kwenu. Likipita saa kumi na nusu alfajiri, anasema, umelipa ada mtoto akasinzie kwenye dawati la watu.

Nilipomuuliza kwa nini walimu wasirudi, uso ulibadilika. Nilitegemea awaseme. Badala yake alivua miwani akaanza kunipigia hesabu.

Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu. Miaka yake ya mwisho kazini, katika shule ya serikali wilayani Temeke, yeye alikuwa na 120. "Daftari moja lipe dakika moja tu, na dakika moja humwoni mtoto, unamwona mwandiko. Saa mbili. Hilo ni zoezi la kusoma. Kuna kuandika, kuna kuhesabu. Saa sita, mwanangu, baada ya kufundisha. Nilikuwa nayabeba kwenye kiroba, nasahihisha kwenye daladala, nasahihisha wanangu wakila. Halafu mwaka mmoja nikachoka. Nikawaambia wabadilishane, wasahihishane wenyewe. Nawe unajua mtoto wa miaka saba anavyosahihisha? Rafiki yake kapata yote." Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo ninapoona vema ya hovyo, siwacheki. Najua ilipigwa saa ngapi."

Hapo ndipo kazi yake inaponitatiza. Shule binafsi yenye watoto 30 darasani haina kisingizio hicho, na ile ya nane kutoa tatu ilikuwa na watoto kama hao. Lakini zana yake hii kali inawafaa zaidi wale ambao tayari wana uchaguzi. Mzazi wa Kayumba hachagui, anaandikishwa shule ya mtaa wake. Ajue kusoma daftari, kisha afanye nini?

Kuna na lile la kiganja. Shule moja ilitukatalia kabisa. Mwalimu mkuu, kijana mpole, alisema daftari ni la mtoto na makosa yake si ya kuonyeshwa wageni. Jirani yangu aliona ni ujanja wa kuficha. Mwalimu alikubali haraka, akaaga. Njiani alisema labda yule kijana ndiye mwalimu bora tuliyekutana naye, au labda ana rundo bovu, na hakuna njia ya kujua. Mtoto wa "mpila" hakuulizwa. Leo sote watatu tunajua anavyoandika tatu.

Jirani yangu bado hajaamua. Shule ya Segerea haina basi wala jina, na mume wake anauliza atawaambia nini wenzake kazini. Shule ya bango inatoa punguzo kwa anayelipa kabla ya Desemba.

Lile la mzazi wa Kayumba nililirudisha kwa Mwalimu mwenyewe, tukiwa tunasubiri bodaboda. Alisema hilo halina ugumu. Mzazi aombe daftari kila Ijumaa, aweke saini, na pale pasiposahihishwa amwandikie mwalimu kwa adabu: Shikamoo Mwalimu, naomba unisaidie kuangalia hapa. "Mwalimu mwenye watoto 120 anajua mzazi gani anafungua daftari. Hilo atalianza."

Na la mtoto ambaye kwao hakuna anayelifungua?

"Litakaa chini ya rundo. Mimi mwenyewe nilikuwa nayaweka chini."

Nikamwambia basi ushauri wake unawafaidisha watoto wa wazazi wanaouliza kwa dakika za watoto wa wazazi wasiouliza. Hakubisha. Bodaboda ikafika, akakaa upande, akashikilia mkoba wake. "Wakiuliza wote 120, mwalimu mkuu atalazimika kupeleka barua kwa ofisa elimu aombe mwalimu wa pili. Wakiuliza watano, sisi tutawamudu hao watano." Akamwambia kijana waende, ana mzazi mwingine anamsubiri Kinyerezi.