Nyota yenye mukia: juu ya nini macho ya mutu mumoja hayatoshi

Alfajiri ya tarehe 30 mwezi wa nane 2019, kule Krimea, kando ya Bahari Nyeusi, Gennadiy Borisov alikuwa anapiga picha za anga chini kabisa, karibu na upande jua linakotokea. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kutunza mitambo kwenye kituo cha wanaanga. Lakini darubini ya alfajiri ile ilikuwa yake mwenyewe, ameitengeneza kwa mikono yake, na kioo cha sentimita 65.

Juu ya nini upande ule? Darubini kubwa za kujiendesha, kama Pan-STARRS ya Hawaii, zinapekua anga usiku kwa usiku, ila mara nyingi zinakaa mbali na jua, sababu mwangaza wake unazisumbua. Kona ile wanaachiwa watu kama Borisov.

Namna ya kutafuta si ngumu kueleza. Unapiga picha, unangojea dakika chache, unapiga ingine. Nyota zinabaki fasi yake. Kitu kilichohama, kinaweza kuwa asteroidi, ni kusema jiwe linalozunguka jua, ao nyota yenye mukia.

Kisha unapima kilikuwa fasi gani na saa gani, unatuma kwa Minor Planet Center, ofisi iliyo Cambridge, Marekani, inayopokea vipimo vya dunia nzima. Kama kitu hakijulikani, kinaingia kwenye orodha ya vinavyongoja kuthibitishwa. Hapo njo haraka inaanza. Vipimo vya usiku mumoja vinaweza kukubaliana na njia nyingi: kitu kidogo kilicho karibu, ao kikubwa kilicho mbali sana. Wengine wasipokiangalia siku zinazofuata, hakuna atakayejua kimeelekea wapi. Kinapotea, hata kama kingekuwa kinakuja kwetu.

Na kitu cha Borisov, hesabu ya kwanza ilikipa alama ya hatari kwa dunia. Alipotuma vipimo aliongeza neno moja la maana: kinaonekana kama ukungu, kwa hiyo si asteroidi. Watazamaji wa inchi mbalimbali, wengi wao wakitumia darubini za mufuko wao wenyewe, waligeuza macho huko. Fasi moja mawingu yanafunga, fasi ingine anga ni safi. Ndiyo faida ya kuwa wengi.

Vipimo vilipoongezeka, njia yake ilikataa kujifunga kuwa duara. Kilikuwa kinakimbia zaidi ya kilomita 30 kwa sekunde moja, mbio ambazo jua haliwezi kuzizuia. Maana yake, kilitoka kwenye nyota ingine kabisa. Ilitangazwa katikati ya mwezi wa tisa, na kikapewa jina 2I/Borisov: kitu cha pili cha namna hiyo kisha ʻOumuamua ya 2017, na nyota yenye mukia ya kwanza. Hatari haikuwepo. Tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili kilipita karibu kilomita milioni 300 kutoka kwa jua, mara mbili ya umbali wetu.

Asiye na darubini naye ana mulango. International Astronomical Search Collaboration inawapa wanafunzi wa inchi nyingi picha za Pan-STARRS, bila malipo, watafute asteroidi mupya ndani yake. Inaomba ordinatere na intaneti. Huku kwetu ongeza umeme usiokatika katikati ya kazi.